Babu alikuwa wa mizinga, alizama na Khedive Ismail

Jumamosi ya tarehe 12 Februari 1944, mchana, meli inaitwa Khedive Ismail ilipigwa torpido mbili na nyambizi ya Wajapani kwenye bahari ya Hindi, kule kusini-magharibi mwa Maldivi, ikazama ndani ya dakika mbili hivi. Babu yangu mzaa baba alikuwemo. Sisi familia yake tumekaa miaka zaidi ya sabini bila kujua hilo, na naandika kwa sababu naamini ziko familia nyingi Tanzania, Kenya na Uganda ambazo mzee wao alikuwa kwenye meli hiyo hiyo na mpaka leo wanasema tu "alipotelea Bama", yaani Burma, ndo Myanmar ya sasa.

Kwetu Singida ndo tulivyokuwa tunasema pia. Babu alichukuliwa KEYA, lile jeshi la Waafrika chini ya Waingereza (King's African Rifles), akaenda Bama, hakurudi. Baba alikuwa bado ananyonya babu alipoondoka kwa hiyo hana sura yoyote ya kukumbuka, picha hamna, barua hamna. Bibi hakupenda kuiongelea kabisa, alichokuwa anasema ni kwamba siku moja aliitwa bomani kwa bwana shauri akaambiwa mumeo amefia vitani, akapewa karatasi na hela kidogo, karatasi yenyewe ikaja kuungua pamoja na tembe ya zamani. Bibi alifariki 2009 na mimi nikadhani habari ya babu imeondoka naye.

Aliyenifungua ni dada yake babu, wa mwisho kuzaliwa kwao, yupo mpaka leo japo macho yamemwishia. Nilikuwa namsalimia tu kwa simu, nikamwuliza kaka yake alikuwa anafanya kazi gani jeshini, akajibu hapo hapo bila kufikiri, "Kaka alikuwa wa mizinga. Wa bunduki walirudi mjukuu wangu, wa mizinga wengi walikwisha majini." Alisikia kwa jirani yao mmoja aliyerudi vita ilipoisha. Kumbe alikuwa nayo miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kumwuliza, kila mtu alikuwa anamwuliza bibi.

Hapo awali nilikuwa nimeshapita kwenye websaiti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ipo bure kwa mtu yeyote, nikaanza na Bama kama tulivyoambiwa. Kule Myanmar kwenye makaburi ya Taukkyan kuna mnara wa Rangoon wenye majina karibu 27,000 ya watu wasiokuwa na kaburi, na wa Afrika Mashariki wapo humo. Jina la babu sikuliona kwa namna yoyote niliyoliandika. Sasa nilipopata neno mizinga nikaacha kutafuta jina nikatafuta kikosi. Mizinga ya Afrika Mashariki ilikuwa na jina lake, East African Artillery, na ukishaweka hicho kikosi na mwaka 1944 utaona tarehe moja inajirudia ukurasa baada ya ukurasa: 12 Februari, 12 Februari, 12 Februari. Mwili wote ulinisisimka.

Ndo nikaanza kuisoma hiyo meli. Ilikuwa meli ya abiria iliyogeuzwa ya kubeba wanajeshi, ikatoka Kilindini mwanzoni mwa Februari kwenye msafara wa meli tano zinaenda Colombo, zinasindikizwa na manowari za Uingereza. Ndani yake walikuwemo watu 1,511, na katika hao 996 ni wa rejimenti ya 301 ya mizinga, Waafrika na maofisa wao wa Kizungu, wengine ni mabaharia wa jeshi la Uingereza na akina mama manesi. Wale wa mizinga walikuwa wanaenda Ceylon, ndo Sri Lanka ya sasa, kuungana na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ambayo baadaye mwaka huo huo iliingia Bama kweli, ikapigana bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria mpaka ikafika mto Chindwin pale Kalewa mwezi Desemba. Kwa hiyo nyumbani hawakudanganya waliposema Bama, alikuwa njiani kwenda huko.

Walikufa watu 1,297. Waliopona ni 214 tu. Kwa meli za upande wa Waingereza na wenzao ni moja ya maafa makubwa kabisa ya baharini katika vita nzima, na mimi nimesoma historia mpaka kidato cha sita sijawahi kulisikia hilo jina darasani hata siku moja, tulisoma Pearl Harbor, tulisoma Normandy.

Kuna sehemu ni ngumu kuiandika. Meli ilipozama, waliobaki hai walikuwa wanaelea wameshika mbao na maboya, na ile nyambizi, I-27, ikawa imejificha chini yao. Manowari mbili, Petard na Paladin, zikaifuata na mabomu ya kulipukia chini ya maji, na baadhi yalirushwa wakati watu bado wapo majini pale pale. Baadaye nyambizi ililazimika kupanda juu na mwisho ikazamishwa. Nilikaa na hili siku kadhaa kabla sijamwambia baba halafu nikaona ni haki yake kujua. Alisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Aliyetoa amri alikuwa na njia nyingine?" Nikamweleza kwamba zile meli nyingine nne zilikuwa bado na maelfu ya watu na nyambizi kama ingeachwa ingeweza kuzifuata. Baba akanyamaza kidogo akasema basi Mungu ndiye anajua. Mimi sina ubavu wa kumhukumu yule kapteni, ila inaniuma pale ninapokuta habari yote imeandikwa kama ushindi dhidi ya nyambizi na wale askari wetu wanatajwa kwa idadi tu.

Turudi kwenye majina. Ile websaiti inakuruhusu kupakua orodha nzima ikafunguka kwenye Eksel, nikaipakua nikaenda nayo Singida. Majina yaliandikwa na makarani kama walivyosikia, kwa hiyo ukitafuta kwa herufi unazozijua wewe unaweza kupita jina la mzee wako hivi hivi. Baadhi wana maelezo ya ziada, mtoto wa fulani, wa wilaya fulani, wengine hamna kitu zaidi ya namba ya jeshi na cheo. Nikakaa nje na bibi huyu, dada yake babu, nikawa namsomea jina moja moja polepole, yeye kainamisha kichwa, mengine anasema "huyo Mkamba, endelea", "huyo sio wa kwetu, endelea", tukala, tukaendelea. Nilipotamka jina la babu na la baba yake alinishika mkono akaniambia rudia. Limeandikwa L penye R na mwisho limekatwa, lakini jina la baba yake lipo, na wilaya ni Singida. Cheo gunner, yaani askari wa kawaida wa mizinga.

Wote wa Afrika Mashariki waliozama siku ile majina yao yako Nairobi, kwenye mnara wa East Africa Memorial ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road. Nilimchukua baba tukapanda basi Arusha tukapitia Namanga. Pametunzwa vizuri sana kwa kweli, na mtunzaji alitusaidia kutafuta safu yenyewe. Baba ana miaka zaidi ya themanini, hajawahi kuliona jina la baba yake limeandikwa popote isipokuwa kwenye kitambulisho chake mwenyewe. Alilisoma kwa sauti halafu akaanza kuyasoma na ya jirani zake kwenye ile safu, juu na chini, anasema hawa walikuwa wote.

Tulivyorudi tukasoma hitma, kwa mara ya kwanza tukiwa na tarehe. Sheikh alitukumbusha kwamba aliyekufa kwa kuzama ana daraja la shahidi, na hilo lilimtuliza bibi kuliko yote niliyomletea mimi kutoka kwenye laptopu.

Nataka niseme na hili. Upande wa mama tuna mzee mwingine, huyu alikuwa mpagazi vita ya kwanza, ile ya Mjerumani, naye hakurudi, na huyo sijampata na nimeanza kukubali kwamba sitampata. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza wanahesabiwa karibu laki moja, na wengi sana hawakuandikwa majina popote, waliwekewa sanamu tu kama ile ya Askari pale Dar ya mwaka 1927. Tume yenyewe ilikubali kwenye ripoti yake ya 2021 kwamba Waafrika hawakupewa heshima sawa na wengine. Ni sawa kukubali, lakini jina la mzee wetu halirudi kwa ripoti.

Ndo maana hawa wa 1944 ambao majina yapo naona tusiwaache. Kwenye ile orodha nimeona wengine wawili walioandikiwa Singida, na jina la baba wa mmoja wao linafanana na ukoo ninaoufahamu upande wa Ilongero. Mvua zikipungua naenda kuwauliza wazee wa huko kama kuna nyumba wanamzungumzia mtu aliyepotelea Bama.