Rangi ya plagi: kabla hujagusa kabureta, soma vizuri kwanza

Kuna kitu naona kinafanyika sana, mtu anafungua plagi, anaiangalia sekunde mbili, anasema "hii inakula mafuta mengi" na hapo hapo bisibisi iko kwenye kabureta. Mi nasema subiri. Plagi haidanganyi, ila inachokuambia zaidi ni habari za dakika chache za mwisho kabla injini haijazimwa, sio za wiki nzima, kwa hiyo kama hujui hizo dakika injini ilikuwa inafanya kazi gani, basi hiyo rangi kuhusu mchanganyiko wa hewa na petroli unaotoka kwenye kabureta haikupi kitu cha kushika.

Tuanze na kinachotokea ndani. Petroli ili iungue yote inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Injini ikiwa inavuta mzigo kwa nguvu zote inapenda petroli izidi kidogo, hewa kilo 12.5 mpaka 13 hivi. Mafuta yakizidi sana kaboni inabaki haijaungua na inakuja kukaa kama masizi kwenye ile kaure nyeupe inayozunguka ncha ya katikati. Mafuta yakipungua masizi hayapo, ila joto linapanda. Kwa hiyo sehemu ya kuangalia ni hiyo kaure, sio chuma cha pembeni, maana ule mduara wa chuma kwenye thredi mara nyingi unakuwa mweusi hata injini ikiwa nzima kabisa na watu wengi wanahukumu kwa huo.

Kaure ikiwa kahawia iliyopauka au kijivu inayoelekea kahawia, hapo uko vizuri, funga. Ikiwa nyeusi kavu, masizi yanatoka kwenye kidole ukigusa, huenda mafuta yamezidi (nasema huenda, nitakuja hapo). Ikiwa nyeusi yenye unyevu wa kuteleza na inang'aa, hiyo ni oili, na kwa injini isiyochanganya oili na petroli kabureta haihusiki, angalia ringi za pistoni na sili za valvu. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, silinda hiyo haikuwaka, ama imefurika mafuta ama cheche haipo. Nyeupe kama chokaa, ina vipele na kingo za ncha zimelika, plagi imechemka kupita kiasi. Na ukiona vidoto vidogo vinavyong'aa kama vumbi la fedha juu ya kaure tafadhali usiwashe tena hiyo injini mpaka ujue sababu, kwa sababu mara nyingi hiyo ni aluminiamu ya pistoni yako.

Sasa kwenye ile nyeusi kavu ndo watu wanapokosea zaidi. Masizi yanaweza kuja wakati kabureta imesetiwa sawasawa kabisa: eya klina imeziba, choki haifunguki yote imebaki nusu, geji ya flota (boya la ndani ya kabureta) iko juu, koili imechoka cheche ni dhaifu, au tu chombo kinaendeshwa safari fupi fupi na kuachwa kinanguruma muda mrefu bila kutembea. Plagi inahitaji kufika joto la kama nyuzi 450 au 500 za Selsiasi ndo iweze kuchoma masizi yake yenyewe, chini ya hapo inayakusanya tu. Na ikipita 850 hivi inaanza kuwasha mafuta yenyewe kabla ya cheche, na hapo ndo pistoni zinatoboka. Ukibadilisha jeti (kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli) wakati tatizo lilikuwa eya klina, siku ukija kuweka eya klina mpya injini inabaki na mafuta kidogo kuliko inavyotakiwa, na umeshatengeneza tatizo la pili ambalo ni baya kuliko la kwanza.

Ndo maana pia namba ya plagi ni ya kuangalia kabla ya rangi. Kuna plagi za moto na za baridi, maana yake ya moto inatoa joto taratibu na ya baridi inatoa haraka, na ukifunga ya baridi kwenye injini iliyotakiwa ya moto itakuwa nyeusi milele hata ufanye nini na kabureta. Na hapa kuwa makini mno, kwa NGK na Denso namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi, kwa Bosch na Champion ni kinyume chake. Mtu anahama kampuni anachukua namba inayofanana anadhani ni kitu kimoja, kumbe kageuza kila kitu.

Haya, kama kila kitu kiko sawa na kweli unataka kusoma mchanganyiko, fanya hivi. Funga plagi mpya, ya zamani ina historia nyingi mno. Pasha injini vizuri. Halafu tafuta barabara ndefu iliyo wazi na salama, shikilia mafuta (ule mkono wa kuongezea mafuta) sehemu moja, tuseme yote wazi kwenye gia ya juu, kwa muda wa kutosha, kisha kwa wakati mmoja kamata klachi, zima injini, rudisha mafuta, jiachie mpaka usimame. Usiiache ingurume hata kidogo, maana ikinguruma dakika moja tu umeshapaka rangi nyingine juu ya ile uliyoitafuta. Hapo ukifungua plagi (kwa glovu, ni ya moto sana, na kwenye hedi ya aluminiamu fungua polepole usije ukaharibu thredi) unasoma ile hali moja uliyoichagua.

Na hali ni nyingi, kabureta ya pikipiki sio kitu kimoja. Kwenye kunguruma mpaka kama robo ya nusu ya mafuta inatawala jeti ndogo na skrubu ya hewa, kuanzia hapo mpaka robo ni umbo la slaidi (kile kipande kinachopanda ukivuta mafuta), robo mpaka robo tatu ni sindano, na robo tatu mpaka mwisho ni jeti kubwa. Plagi uliyoitoa baada ya kwenda kwa robo tatu haiwezi kukuambia kitu kuhusu skrubu ya hewa. Ukisoma kwa mafuta yote wazi pia usiishie kwenye ncha, chukua tochi na lenzi uchungulie chini kabisa kaure inapoingia ndani ya chuma, pale panatokea mduara wa masizi ambao ndo unaonyesha mchanganyiko wa mzigo mkubwa. Anza upande wa mafuta mengi ushuke hatua moja moja ya jeti, hasa kama ni injini ya toostroku, maana kule oili inakuja pamoja na petroli, ukipunguza petroli umepunguza na ulainishaji.

Kitu kingine, zile picha za rangi za plagi zinazozunguka nyingi zina mizizi kwenye enzi ya petroli yenye risasi. Petroli hiyo iliacha rangi nzito ya kahawia. Nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria mwaka 2021, na petroli ya sasa inaacha rangi hafifu sana, kaure inaweza kuwa karibu nyeupe na injini haina shida yoyote. Tofauti ni kwamba nyeupe ya afya ni laini na ncha zake zina kingo kali, nyeupe ya ugonjwa ina vipele. Ukiona wekundu wa kama kutu usishtuke, huo kawaida ni viungo vilivyotiwa kwenye mafuta.

Kwenye gari la kisasa lisilo na kabureta, linalopuliziwa petroli kwa nozeli, kompyuta inasoma sensa ya oksijeni na kurekebisha yenyewe, kwa hiyo mi situmii plagi kupima mchanganyiko wa jumla, natumia kulinganisha. Zitoe zote, zipange kwa mfuatano wa silinda. Zote nyeusi, fikiria presha ya mafuta au thamostati iliyobaki wazi, injini inakuwa baridi na kompyuta inaendelea kumwaga mafuta. Tatu zinafanana na moja ni nyeupe, tafuta gasketi ya manifoldi inayovuta hewa karibu na hiyo silinda au nozeli iliyoziba. Moja nyeusi, ihamishie silinda ya jirani uendeshe siku chache: weusi ukihama na plagi, plagi ndo mbovu, weusi ukibaki kwenye silinda ile ile hapo ndo unaanza kupima koili, nozeli na kompresheni.