Unabana watu

Shemeji aliyasema huku anacheka, kikombe kikiwa bado mkononi: "Shem, wewe hubani matumizi. Unabana watu." Harusi imepita salama, mkataba wangu wa kazi umeongezwa mwaka mzima, na bado nikilala ni maneno hayo tu ninayoyasikia. Kisa ni taa ya korido. Niliizima wageni wakiwa wanavaa viatu.

Nilijibu, "Mimi si bahili." Jibu bovu, kwa sababu hakuniita bahili. Kesho yake likanijia jibu zuri zaidi: bahili huumia kutoa hata panapohitajika, mwekevu hukata pasipohitajika. Nalo halifai. "Unabana watu." Sijui kwa nini alitua kidogo kabla ya "watu".

Basi nikachukua kalamu, nimshinde kwa hesabu.

Taa ya korido ni LED ya wati 9. Ili imalize uniti moja ya umeme, yaani wati-saa 1,000, inabidi iwake saa 111 hivi. Zile za zamani za waya, wati 60, zilimaliza uniti kwa saa 17 tu, na kwa zile kukimbilia swichi kulikuwa na maana. Taa zimebadilika, mkono wangu haujabadilika.

Halafu nikageukia birika la umeme. Kuchemsha lita moja ya maji, kutoka nyuzi 20 mpaka 100, kunakula wati-saa 93 hivi, hapo bado hujahesabu joto linalotoroka. Ukijaza lita 1.5 ili unywe kikombe kimoja cha robo lita, lita 1.25 umezichemsha bure: wati-saa 116, zinazotosha kuwasha ile taa karibu saa 13. Na humu ndani kuna mtu anayejaza birika mpaka juu kila asubuhi. Dawa yake ni kupima kwa kikombe chenyewe: mimina maji ya kikombe kimoja, angalia yamefika wapi, basi. Ila usishuke chini ya alama ya kiwango cha chini, maana birika likichemka na maji kidogo mno huweza kukauka na kuharibika.

Na bomba la bafuni, tangu mwezi uliopita, bado linadondosha. Nikatega kikombe cha kupimia kwa saa moja: nusu lita. Hiyo ni lita 12 kwa siku, zaidi ya 4,300 kwa mwaka. Mimi nalinda wati 9!

Kulitengeneza si kazi ya kuogopa, maadamu ni la kuzungusha (la wenzo lina mambo mengine ndani). Funga valvu kuu. Fungua bomba litoe maji yaliyobaki. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa, maana skrubu ya mkono wa bomba ikidondoka humo ndiyo imekwenda. Toa mkono, fungua kichwa kwa spana, na chini yake utakuta kile kipira bapa ambacho mafundi hukiita washa. Nenda nacho dukani kama sampuli, usinunue kwa kukisia. Kikipishana kidogo tu, maji yanapita. Kabla ya kurudisha, pitisha kidole mahali kipira kinapokalia. Ukisikia mikwaruzo, kipira kipya nacho kitachanika baada ya muda mfupi, kwa hiyo pasawazishwe kwanza.

Na kipira huharibika kwa nini? Kwa kukazwa. Bomba linadondosha kidogo, mtu analikaza kwa nguvu. Kipira kinalika, linadondosha zaidi, analikaza zaidi. Hapo nikacheka peke yangu bafuni, spana mkononi. Shemeji angekuwepo asingehitaji kusema neno.

Jana nilimtumia ujumbe kuwa taa ya korido siigusi tena wageni wakiwepo. Akajibu, "Na birika je?" Kumbe analikumbuka siku zote.

Mama hajalitaja goti lake linalomsumbua tangu harusi. Alicheza mpaka mwisho, na jana kwenye simu nilipomuuliza kama anapanda ngazi, akasema mlango unagongwa, akakata. Sikusikia mlango wowote.