Daraja la treni ni la wanaopita chini yake

Binamu yangu wa Ngamiani, kwetu Tanga mjini, kanitumia video ya SGR, ile treni mpya ya umeme, inavyotoka Stesheni pale Dar, treni inapita juu ya nguzo, chini bajaji, daladala, mikokoteni wanaendelea na mambo yao, af akaniandikia "kaka hivi zege lote hilo la nini, si wangelaza reli chini tu wakaokoa hela". Nikamjibu kwa meseji mbili nikaona haitoshi, wacha niandike vizuri maana mi kazi yangu ni nondo na madaraja ndo nimeyafanyia kazi, na hili swali naulizwa kila nikirudi Tanga.

Hela kweli ingeokolewa, tena nyingi. Pale Dar kipande kilichonyanyuliwa ni kama kilomita 2 na nusu hivi, kwenye njia nzima mpaka Morogoro ni kidogo sana, ila gharama ya mita moja ya daraja huwezi kuifananisha na mita moja ya reli iliyolala kwenye kokoto. Lakini binamu yangu jibu analo mlangoni kwake. Reli yetu ilianza kujengwa 1893, ya kwanza kabisa Tanganyika, 1896 ikawa imefika Muheza na 1911 Moshi, na waliolaza vyuma vile walikuwa wanawaza bandari na mazao ya mashambani, mtu wa kuvuka hakuwepo kwenye hesabu zao. Matokeo yake mpaka leo mji wetu una pande mbili, huku bandarini na maofisini, kule Ngamiani na mabarabara yake ya namba, na katikati reli. Treni yenyewe siku hizi haipiti sana, ila watu bado tunabanana kwenye vivuko vilevile, na sie Tanga ni watu wa baiskeli. Kaa kivukoni asubuhi uangalie. Pale reli inapokata barabara kwa mshazari lile tairi jembamba linaingia kwenye mfereji pembeni ya chuma, usukani unageuka wenyewe, kwahiyo wazoefu wote kabla ya kufika wanapinda kidogo ili wavuke reli ikiwa imelala msalaba mbele yao, na kama nyuma kuna bodaboda inakuja kasi hapo ndo roho inakuwa mkononi. Mama mwenye ndoo ya samaki kwenye keria yeye anashuka kabisa anasukuma. Hiyo ni reli moja ya zamani yenye treni chache. Sasa weka treni ya mji inayopita kila dakika 10 kwenda na kurudi, hicho kivuko kitafungwa muda wote, af baada ya ajali mbili tatu watajenga ukuta, ndo basi tena.

Kitu ambacho wengi hawakijui, huwezi kunyanyua reli pale kwenye barabara tu halafu ukaishusha. Gari linapanda mlima, treni ni chuma juu ya chuma, inateleza. Treni nyepesi ya mjini tuseme inapanda mita 3 kwa kila mita 100. Chini unahitaji uwazi wa mita 5 na nusu hivi ili lori lipite, ongeza unene wa daraja lenyewe mita 2, jumla 7 na nusu, kwahiyo unahitaji mita 250 za kupandia na 250 nyingine za kushukia, nusu kilomita nzima kwa ajili ya barabara moja! Na ule mwinuko mwanzoni huwa ni tuta lenye kuta pembeni, hakuna anayepita chini yake. Ukifanya hivyo kwa kila njia panda umejenga kuta mji mzima. Ndo maana mainjinia wakishanyanyua wanaendelea juu kwa juu mpaka watoke kwenye makazi ya watu.

Na ndo maana kazi inachukua muda hadi watu wanalalamika kwamba wanaona mabati ya uzio tu. Kazi kubwa iko chini. Kinachimbwa kisima chembamba kirefu mpaka ardhi ngumu, ambayo mijini pwani kwetu haipatikani karibu, mchanga na maji vinajaa, halafu sisi tunashusha keji la nondo, yaani nondo zilizofungwa pamoja kama tenga refu, kwa krini taratibu, limefungwa ringi na biskuti, vile vipande vidogo vya zege, pembeni ili nondo zisiguse udongo. Zege halimwagwi kutoka juu, linapelekwa kwa bomba mpaka chini kabisa ya shimo, linajaa likipanda na kusukuma tope na maji yatoke juu. Bomba likichomolewa mapema tope linaingia katikati ya zege na nguzo ile hata ionekane nzuri vipi ina kidonda ndani. Kwahiyo likianza kumwagwa hakuna kwenda kula, hakuna usiku, mpaka liishe. Af kuna vipande vya zege vinapelekwa maabara, vinavunjwa siku ya 7 na siku ya 28, majibu yakiwa mabaya kazi inasimama.

Juu ni haraka zaidi. Biamu, ile mihimili mirefu inayolala juu ya nguzo, zinamwagwa yadi, zinavutwa waya kwa jeki ili zijibane zenyewe, usiku barabara ikiwa tupu zinaletwa na kupandishwa. Zinakalia mapande ya mpira yenye mabati ndani maana zege linarefuka kwa jua na kurudi usiku, ukilibana litapasuka.

Waliobana matumizi wapo. Addis Ababa walifungua treni yao ya mji 2015, kuna vipande vya juu lakini kuna sehemu ndefu iko chini katikati ya barabara na uzio, wakazi wakaanza kutembea mbali kutafuta pa kuvukia kwenda upande wa pili wa mtaa wao wenyewe. Lagos wao wameivusha mpaka juu ya maji kufika Marina, walianza 2009 abiria wakapanda 2023. Miaka mingi mno, na sisemi tuige hilo, lakini barabara za chini zimebaki.

Kwetu reli mpya ya Tanga kwenda Arusha mpaka Musoma ipo kwenye mipango. Siku wataalamu wakija na ramani zao kwenye mikutano ya mtaa, ndugu zangu msiangalie picha ya treni. Ulizeni mwinuko unaanzia wapi na unaishia wapi, waambieni wawaonyeshe kwa kidole, halafu hesabuni barabara zilizokatika hapo katikati na kwa kila moja waulizeni, mwenye baiskeli atapita wapi.