Furukombe wa Naivasha na jua la saa sita

Wapiga picha wa ndege, msiwe wepesi wa kulaumu lenzi. Leo kwenye Ziwa Naivasha nimempiga picha furukombe, yule tai mla samaki, akiwa kwenye mti uleule, kamera ileile. Picha za saa moja asubuhi unahesabu manyoya meupe ya kifuani. Za saa sita mchana zimelegea, kama zimepigwa nyuma ya kioo chenye mvuke. Kisa ni hewa: jua likishapasha nchi kavu na maji, hewa ya moto inapanda ikichezacheza, na lenzi ya mm 500, ya kuvuta vitu vya mbali, inaukuza mchezo wote huo. Hakuna setingi ya kuuondoa. Msogelee ndege, au nenda kanywe chai.

Asubuhi nayo ina gharama yake, mwanga ni hafifu. Furukombe akiruka sitaki shata, yaani kasi ya kupiga picha, ishuke chini ya 1/2000 ya sekunde, la sivyo ncha za mabawa zinafutika. Kwa f/5.6 (uwazi wa lenzi) hapo ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, inafika 1600, hata 3200. Najua wengi mnaogopa chengachenga, vile vidoadoa vinavyoletwa na ISO kubwa. Mimi nazivumilia, programu inazipunguza vizuri tu. Picha iliyotikisika ndiyo sijaona wa kuirudisha sawasawa.

Mdiria aliyetulia kwenye tete ni habari nyingine: 1/500 inatosha, fokasi iwe kwenye jicho. Jicho likiwa kali, mkia ukififia hakuna atakayeuliza. Ila ukiwa kwenye boti panda hadi 1/1000, maana nahodha huzima injini, mawimbi hayazimi.