Wanangu, Mna Kitoweo?

Tafakari ya juma. Somo: Yohana 21:1-14

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Swali lililo juu si langu. Ni la Bwana mwenyewe, siku chache baada ya kufufuka, akiwa amesimama ufuoni kunapambazuka. Wanafunzi saba walikuwa chomboni, wamevua usiku kucha na hawakuambulia hata samaki mmoja. "Basi Yesu akawaambia, Wanangu, mna kitoweo? Wakamjibu, La" (mst. 5). Ameshinda mauti, kaburi liko wazi nyuma yake, na asubuhi ile anauliza kama watoto wake wana chochote cha kula.

Nimelichagua somo hili nikiwafikiria wapishi wa nyumbani: akina mama na akina baba, mabinti na vijana, wanaosimama jikoni kila jioni na kisha huulizana, umepika nini leo? Jibu huja kwa maneno machache. Mmoja kapasha moto kiporo cha jana. Mwingine wageni wamemfikia bila taarifa, basi kaongeza maji kwenye mchuzi na wote wakashiba. Mwingine kajaribu mapishi mapya, watoto wamekomba sufuria, na furaha hiyo hawezi kulala nayo bila kumsimulia mtu. Wapo wanaoyaona mazungumzo haya kuwa porojo, mambo madogo yasiyomhusu mtu wa rohoni. Ninakataa. Ninaamini yako karibu na moyo wa Mungu kuliko tunavyodhani.

Fikirini sala ile tunayoijua sote tangu utotoni. "Utupe leo riziki yetu." Tunaiomba ibadani, tunaiomba kitandani, wengine tunaiomba tukiwa njiani kwenda kazini. Basi tazameni tunavyofanya jibu likija. Mtu akipona, anasimama kushuhudia. Akipata kazi, anasimama kushuhudia. Lakini riziki ya leo, tuliyoiomba kwa vinywa vyetu wenyewe, ikifika mezani tunaila, tunaosha vyombo, tunazima taa. Ni nani amewahi kusimama mbele ya ndugu akasema, "Asubuhi niliomba chakula cha leo, na leo nimekula"? Yule anayemwambia mwenzake usiku, "Sisi leo tumekula mboga na mkate, tumeshiba," huenda hajui kwamba anatoa ushuhuda. Ameomba, amepewa, amesema.

Wale wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau walifanya hivyo. Walimkaribisha mgeni ndani kwa sababu kulikuwa kunakuchwa, wakaketi kula, naye akautwaa mkate, akaubariki, akaumega. Macho yao yakafumbuliwa, wakamtambua kuwa ni Yesu. Luka anasema waliondoka saa ile ile, usiku, wakarudi Yerusalemu, mwendo wa stadia sitini, yaani takriban kilomita 11. Walikwenda kusimulia nini? Mambo ya njiani, na jinsi alivyotambulikana nao katika kuumega mkate (Luka 24:35). Ni habari ya chakula cha jioni. Na walipokuwa wangali wakisimulia, Yesu mwenyewe akasimama katikati yao, akawauliza, "Mna chakula cho chote hapa?" Wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao. Kwa hiyo baada ya kufufuka ameuliza swali hili mara mbili katika habari tulizoandikiwa. Yerusalemu walikuwa nacho, wakampa. Kwenye bahari ya Tiberia hawakuwa na kitu, wakasema La.

Hiyo La naiheshimu sana. Miongoni mwao walikuwamo watu wa kazi ile. Petro na wana wa Zebedayo walikuwa wavuvi tangu zamani, na ni jambo la kuumiza kwa mvuvi kukiri mbele ya mtu asiyemjua, maana walikuwa bado hawajamtambua, kwamba usiku mzima umepita bure. Wangeweza kusema, "Tunaendelea kujaribu." Wangeweza kumwelekeza kwa wengine. Walisema neno moja la kweli, na baada ya neno hilo ndipo wakaambiwa watupe jarife, yaani wavu, upande wa kuume, nalo likajaa samaki.

Hapa ndipo kila anayesimulia alichopika ana jambo la kujipima nalo. Ni rahisi sana kukikuza chakula kwa maneno. Tunataja nyama na kuficha kwamba ilikuwa vipande viwili kwa watu sita. Siku ya mezani pazuri tunasema sana. Siku ya kiporo tunanyamaza, kana kwamba Mungu wa siku ya kwanza si Mungu wa siku ya pili. Ibrahimu kule Mamre alikwenda kinyume cha hayo. Aliwaahidi wageni wake chakula kidogo tu, waburudike waendelee na safari. Kisha akamwambia Sara akande vipimo vitatu vya unga mzuri, kiasi cha lita 20 hivi, kwa wageni watatu! Akachagua ndama laini, akaleta siagi na maziwa. Alitaja kidogo, akaleta kingi. (Na tusimsahau Sara, aliyeukanda unga wote ule katika joto la mchana; yule mzee alipiga mbio, lakini mikono iliyochoka haikuwa yake peke yake.)

Lakini anayenifundisha zaidi ni mjane wa Sarepta. Eliya alipomwomba kipande cha mkate, alijibu kwa hesabu kamili: konzi ya unga katika pipa, mafuta kidogo katika chupa, kuni mbili anazookota. Akaeleza na mpango wake wa jioni: kujipikia yeye na mwanawe, "tuule tukafe" (1 Wafalme 17:12). Sijui kama kuna mahali pengine katika Maandiko ambapo mtu ametaja chakula chake kwa unyofu wa namna hii. Hakuongeza konzi ya pili ili asionekane fukara, wala hakusema hana kitu kabisa ili asimpe mgeni. Alitaja kilichokuwapo. Na muujiza ulikuja juu ya vitu vile vile alivyovitaja, pipa lile na chupa ile. Pipa halikupunguka, chupa haikuisha, hata siku ile Bwana alipoleta mvua juu ya nchi. Mungu hakumpa jiko jingine. Mama yule aliendelea kukanda unga ule ule kila siku, na ninadhani kila asubuhi alipofunua pipa moyo wake ulidunda.

Basi dada yangu, kaka yangu, kama leo ulichonacho ni konzi moja, kitaje. Wala usione haya.

Na kama chakula kimeharibika, kitaje pia. Wana wa manabii kule Gilgali walipikiwa chungu kikubwa wakati wa njaa, na mmoja wao akakatia humo matango ya mwituni asiyoyajua. Walipoonja walipiga kelele, "Mauti imo sufuriani!" Elisha hakumtafuta aliyekosea, wala hatuambiwi jina lake. Aliagiza unga, akautupa chunguni, akasema wapakulieni watu wale (2 Wafalme 4:38-41). Ingekuwaje kama kila mmoja angenyamaza kwa adabu na kuendelea kula?

Turudi ufuoni, maana bado hatujafika kwenye moto. Waliposhuka nchi kavu, waliona moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Yohana angeweza kuandika tu kwamba Bwana aliwapa chakula. Ametutajia moto wa aina gani, na kilichokuwa juu yake, na kilichokuwa kando. Alikuwapo, alisikia harufu ile akiwa na njaa ya usiku mzima, naye akaona vyema tujue. Tena katika Injili hiyo hiyo moto wa makaa ulikwisha kutajwa hapo nyuma, uani kwa kuhani mkuu, pale Petro alipoota moto na kumkana Bwana wake. Sasa Petro yuko tena penye makaa. Bwana ana jambo zito la kumwuliza, na atamwuliza mara tatu, lakini si sasa. Kwanza ale. Mama aliyewahi kumpakulia mtoto aliyemkosea, akasubiri ashibe ndipo azungumze naye, anaijua hekima hii bila kufundishwa na mtu.

Halafu linakuja neno ninalolipenda kuliko yote katika somo hili: "Leteni hapa baadhi ya hao samaki mliowavua sasa hivi." Jamani, si alikuwa na samaki tayari? Walikuwa juu ya makaa. Hakuhitaji wa kwao. Na hata hao wa kwao, wote 153, ni yeye aliyewapa. Lakini alitaka walichovua wao kiwekwe pamoja na alichopika yeye, waketi wote kwenye mlo uliotoka pande mbili. Hivyo ndivyo ninavyoliona jiko la mwamini. Mvua, udongo, mbegu, afya ya kusimama, hayo yamekuwapo kabla hatujawasha moto. Kisha anasema, lete na chako. Lete ulivyomenya, ulivyokoroga, ulivyoonja chumvi mara mbili kwa sababu unawapenda. Martha naye, baada ya kuambiwa kwamba anasumbuka kwa ajili ya vitu vingi, hakufukuzwa jikoni. Katika Yohana 12 tunamkuta Bethania karamuni, bado anatumikia, na safari hii hakuna anayemlalamikia, wala yeye hamlalamikii mtu.

Nimesema mengi juu ya msimulizi. Msikilizaji naye ana wajibu, na pengine wake ndio mkubwa zaidi.

Kati ya watu kumi wanaotaja walichopika, yupo mmoja ambaye leo hakutaja. Usidhani mara moja kwamba amechoka au ana shughuli. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa ukali kwa sababu katika mikutano yao ya chakula mmoja alibaki na njaa na mwingine amelewa, na wasio na kitu walitahayarishwa mbele ya kanisa la Mungu. Dawa aliyowapa ni fupi: mkutanikapo mpate kula, mngojane (1 Wakorintho 11:33). Kungojana ni zaidi ya kutoanza kula. Ni kugeuza macho kutoka kwenye sahani yangu na kutazama iliyo mbele ya mwenzangu, kama ipo. Nehemia alifanya vivyo hivyo siku ile watu walipolia kwa kuisikia torati. Aliwatuma waende wakale kilichonona na kunywa kilicho kitamu, lakini hakuishia hapo. Aliwaagiza wampelekee sehemu yule asiyewekewa kitu. Katika mstari ule ule ndipo lilipo neno tunaloliimba sana, kwamba furaha ya Bwana ni nguvu zenu. Tumelikata neno hilo, tukaiacha sahani ya jirani.

Yakobo naye alikuwa mpishi. Alipika dengu, ndugu yake akarudi kutoka nyikani amezimia kwa njaa, na Yakobo akaona nafasi ya biashara: ampe dengu, apewe haki ya mzaliwa wa kwanza. Chakula kilikuwa kizuri, mkate nao ulikuwapo. Esau alikula, akanywa, akaondoka, na kati ya ndugu wale wawili hapakuwa tena kama zamani.

Liko jambo moja la zamani ambalo ningetamani tulirudishe kati yetu. Benedikto wa Nursia, katika karne ya 6, aliwapangia watawa wake zamu za jikoni za juma moja moja. Aliyemaliza zamu alifua vitambaa, akarudisha vyombo vikiwa safi na vizima, kisha yeye na anayempokea wakawaosha wenzao wote miguu. Jumapili, baada ya sala za alfajiri, waliomaliza na wanaoanza walipiga magoti mbele ya wote na kuombewa. Waliombewa kwa sababu ya kupika! Sisi tunawaombea wahubiri, waimbaji, wazee, na ni vema. Lakini yule anayepika nyumbani hana zamu ya juma moja. Anapika mwaka mzima, akiwa mzima na akiwa anaumwa, na mara nyingi neno pekee analolisikia ni kwamba chumvi imezidi.

Kwa hiyo juma hili, nyumbani kwako, kabla ya kuubariki mkate, mwombee kwa jina lake aliyeupika, na asikie. Ukiulizwa umepika nini, jibu kweli, liwe ni karamu, liwe ni kiporo, iwe ni La. Na kama katika kuulizana kwenu yuko aliyenyamaza jioni mbili tatu, usimwulize mbele ya wote. Nenda mlangoni kwake na bakuli lililofunikwa.

Tuombe.

Bwana Yesu, uliyewasha moto ufuoni ukawaita rafiki zako waje wale, tunakushukuru kwa riziki ya leo. Watie nguvu wanaopika jioni hii wakiwa wamechoka. Wakumbuke waliofunua pipa wakakuta konzi ya mwisho, na kama ni sisi unaotaka kuwatuma kwao, tutume kabla hakujachwa. Pokea samaki wetu wachache juu ya makaa yako. Amina.