Bondo Kwenye Bia

Januari 2019 mpwa wangu alikuja kwangu Derby, Uingereza, kutoka chuoni akiwa hali nyama, hali samaki, hali mayai, hanywi maziwa, na asali nayo kaikataa. Amekuwa vegani. Dada yangu akanipigia kutoka Mwanza kuuliza kama mtoto anaumwa. Nikamwambia ni mzima kabisa, ila huku kuna kampeni iliyoanza 2014 ya kula hivyo Januari nzima, na vijana wanaishika kama Kwaresima isiyo na padri.

"Kwa hiyo hata dagaa hali?"

Hata dagaa. Dada akaguna, akakata simu.

Jumapili moja jirani yangu, mzee mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye viwanda vya bia vya Burton upon Trent, akatualika chakula cha mchana kwenye baa ya kijiji alikozaliwa. Baa yenyewe ilikuwa imefungwa muda mrefu, na mwenye nayo alitaka kuiuza igeuzwe nyumba ya kuishi. Wanakijiji wakaikimbilia sheria ya 2011: baa ikishaandikishwa kuwa mali yenye manufaa kwa jamii, wakati huo wakazi waliweza kupewa miezi sita ya kutafuta fedha kabla haijauzwa kwa mtu mwingine. Mwenye mali hakulazimika kuwauzia wao, lakini huyu aliwauzia. Wakachangishana kwa hisa, wakashika brashi wenyewe.

Rangi ilikuwa bado inanuka tulipoingia. Zulia la zamani, ambalo mzee alisema lilikunywa bia kuliko yeye, lilikuwa limeng'olewa na sakafu ya mawe ikaonekana. Boriti nyeusi za dari waliziacha, na mimi nikalazimika kuinamisha kichwa kila nilipokwenda chooni. Karibu na moto walilala mbwa wawili wenye matope mpaka tumboni, na hakuna aliyewafukuza. Kwenye ubao wa chaki, vyakula visivyo na chochote cha mnyama viliwekewa herufi V. Wazee wa kaunta walikuwa wanautazama ubao huo kwa jicho la pembeni.

Mpwa wangu hakuiamini ile V. Akamhoji kijana wa kaunta: viazi vimeokwa kwa mafuta gani? Ya alizeti, si ya bata bukini. Mchuzi? Wa uyoga. Na Yorkshire pudding, lile andazi linalokaa pembeni ya rosti? Hilo lina mayai na maziwa, wewe hutaletewa. Kijana alijibu yote bila kununa, nami nikamheshimu, maana nilishafanya kazi jikoni na najua maswali hayo yanavyochosha saa saba mchana ya Jumapili.

Nikaagiza kama yake. Kilikuja kipande kinene cha njugu zilizosagwa na uyoga na makombo ya mkate, kimeokwa mpaka juu pakawa pagumu. Viazi vilikuwa vinalia mdomoni, karoti zilikuwa tamu, ila chumvi ilikuwa ya kubembeleza, na pilipili ndiyo kabisa hakuna. Kilishibisha lakini. Sisi tuliokulia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga hatuwezi kujifanya tunashangaa mlo usio na nyama.

Kimbembe kilikuja kwenye vinywaji. Mzee alishatuagizia painti za bia ya pampu, ile inayovutwa kwa mkono kutoka kwenye pipa lililoko chini, ikatoka na nyuzijoto kama 12 hivi. Kwetu ukiulizwa "baridi au moto", hiyo ni moto. Mpwa wangu akamgeukia kijana: na hii, ni vegani? Kijana akakuna kichwa.

Mzee akacheka, akatueleza. Bia ya namna hiyo ikiachwa hivihivi huchelewa kutulia, hamira inaelea. Ili iwe ang'avu upesi, kiwandani hutiwa ute unaotengenezwa kwa kile kifuko cha hewa kilichoko tumboni mwa samaki. Kinakaushwa, kinalainishwa kwa asidi, na ule ute ukiingia kwenye pipa unazishika chembe za hamira na kuzama nazo chini. Zamani walitumia samaki wakubwa wa Urusi. Baadaye wakapata sehemu nyingine, hata Ziwa Victoria.

Nikaweka uma chini. "Bondo!"

Nilishapiga kibarua mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Sangara akipasuliwa, kitu cha kwanza kutafutwa ni bondo, kifuko hichohicho cha hewa. Unalichomoa kwa vidole taratibu lisichanike, unalikwangua utando na damu, unalianika kwenye wavu juani, na jicho lako haliondoki hapo kwa sababu ya wezi. Likikauka linakuwa gumu, la njano iliyofifia, ukiliinua mwanga unapita. Likiwa kubwa, bei ya kilo inapanda. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, mapanki, yaani mifupa na vichwa, tukabaki nayo sisi. Kuhusu bondo tuliambiana ni la Wachina, wanapikia supu. Wengine walisema ni la nyuzi za kushonea wagonjwa. Bia ya Mwingereza haikutajwa hata siku moja.

Mpwa wangu alikuwa ameshasogeza painti yake kwangu kwa kidole kimoja. Kijana akamletea Guinness, ambao wakati huo walishaachana na mambo ya samaki.

"Na wewe mjomba, unainywa tu?"

"Mimi nilivumilia harufu yake mwaloni kwa ujira wa kubahatisha. Acha ninywe."

Nikazinywa zote mbili. Mzee akataka kujua kilo ya bondo Mwanza ilikuwa bei gani, akaanza kupiga hesabu kwenye kitambaa cha karatasi, hajaimaliza kikaja kitindamlo: matofaa ya kuokwa na kastadi ya soya, ambayo hata mpwa wangu aliiacha nusu.