Jiwe, Sabuni na Mkanda

Mwaka 1996 nilikuwa utingo wa Benzi 911 la pua, lori lililonizidi umri. Kwa asiyejua, utingo ndiye anayefunga turubai, anayelala juu ya mzigo, anayerukia chini na jiwe gari likikata pumzi mlimani, na ndiye wa kwanza kuulizwa jambo likiharibika. Siku hiyo jambo liliharibika, na safari hiyo swali lilikuwa halali kabisa.

Tulikuwa tumepakia matenga ya nyanya Ilula, tunapeleka Dar. Mama mwenye mzigo alikaa katikati kwenye kebini, kikapu chake miguuni. Kitonga tulishuka kwa gia nzito, breki zikinuka. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, tukapita bonde la mibuyu jua likishuka, lori likivuma vizuri tu. Kero ilianza kwenye vilima vya Iyovi, kabla ya Mikumi. Injini ilikohoa mara moja, ikajikusanya, ikakohoa tena, ikazima kwenye kona.

"Jiwe!"

Nilikuwa nimeshafika chini. Niliweka jiwe, nikaenda kukata matawi na kuyatandika barabarani nyuma yetu na mbele, maana giza lilikuwa linaingia na mabasi ya njia ile hayana simile.

"Limevuta hewa," Mzee, dereva wangu, alisema kabla hata ya kufungua boneti.

Injini ya dizeli haina plagi ya kurusha cheche. Inategemea pampu isukume mafuta kwa nguvu hadi nozeli zifunguke. Hewa ikiingia kwenye paipu, pampu inaibana hewa badala ya kusukuma mafuta, na hewa inabonyea kama godoro. Nozeli hazifunguki. Unaweza kupiga stata mpaka betri ife.

Mzee alilegeza bolti ya juu ya filta, mimi nikafungua kitufe cha pampu ya mkono nikaanza kupampu. Povu likatoka, jeupe kama la sabuni, baadaye dizeli safi. Akakaza huku mafuta yakiendelea kutiririka, maana ukisubiri yasimame hewa inarudi. Tukafanya vivyo hivyo kwenye pampu kubwa. Halafu akachukua spana namba 17, akalegeza nati za paipu kwenye nozeli, mama akaambiwa azungushe ufunguo, na dizeli ikaruka kidogo kidogo. Tulipokaza, lori likawaka. Tulishangilia. Tukaenda kama kilomita moja, likazima.

Mara ya pili hatukufika hata hapo. Mara ya tatu povu halikuisha kabisa. Nilipampu mpaka kidole gumba kikachubuka, na kila nikipampu linatoka jingine. Stata nayo ilianza kuguna kama mzee anayeamshwa alfajiri.

Mzee akaacha. Akachukua kitambaa kikavu, akafuta paipu yote kuanzia kwenye tanki mpaka injini, akakitazama kwa tochi. Kikavu. "Dizeli haivuji popote. Sasa tunavutia wapi?"

Nilikuwa najua.

Kutoka kwenye tanki hadi pampu mafuta hayasukumwi, yanavutwa. Tundu la upande huo halidondoshi kitu, linakunywa hewa kimya kimya. Na upande huo, chini ya pampu ya mkono, kulikuwa na kikombe cha kioo cha kunasa uchafu, kimebanwa kwa waya na nati ya kukaza kwa vidole. Asubuhi, Ilula, Mzee akiwa kwenye chai, nilikifungua nikakisafisha bila kutumwa. Nilitaka anikute nimeshafanya. Mpira wake wa mduara ulikuwa umekakamaa, nilipouvuta ukakatika vipande viwili. Nikakimbia kwa fundi baiskeli, nikaomba kipande cha tyubu kuukuu, nikakata pete nyingine, nikafunga. Lori liliwaka mara moja. Nilijiona fundi.

Kwa nini sikusema? Utingo aliyenitangulia alifukuzwa kwa kusahau jeki njiani. Nilihesabu kwamba pete ni kosa kubwa kuliko jeki. Pia, nikiwa mkweli, nilitumaini kosa litaonekana mahali pengine.

Mzee akaomba sabuni. Mama akatoa kipande cha sabuni ya mche kwenye kikapu. Mzee aliilainisha kwa maji, akawa anapaka kiungo kimoja, ananiambia nipampu, anatazama povu kwenye filta. Halitulii. Anahamia kiungo kinachofuata. Mimi ndiye niliyeshika tochi kwa mkono wa pili, na nilimulika kila mahali isipokuwa pale.

"Mulika hapa, wewe. Hapa!"

Alipaka sabuni kuzunguka mdomo wa kikombe. Nilipampu. Povu likapungua, likakatika.

Alikifungua. Pete yangu ilitoka imevimba na kulegea kama ngozi ya kuku wa kuchemsha. Dizeli hula mpira wa tyubu, jambo ambalo sikulijua asubuhi. Mzee aliining'iniza mbele ya tochi, akaigeuzageuza.

"Hii nini?"

Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, mama akanisaidia bila ubaya wowote moyoni: "Si ndiyo ile uliyokata kwa kisu changu asubuhi, mwanangu?"

Basi moja likapita, likatumulika sote watatu, likaondoka. Nilisubiri kofi. Mzee akanyoosha mkono.

"Lete mkanda."

Nilidhani ni wa kunichapa. Nikaufungua, nikampa. Ulikuwa wa ngozi halisi, kitu pekee cha thamani nilichokuwa nimevaa. Akaulaza juu ya bampa, akaweka kikombe juu yake, akachora mduara kwa ncha ya kisu kilekile cha mama, akakata. Akailoweka pete ya ngozi kwenye dizeli, akaifunga, akapaka sabuni pembeni. Tukatoa hewa upya kuanzia mwanzo. Ukaja muungurumo wa kwanza, moshi mweusi ukajaa kona nzima, na mama akasema Alhamdulillahi.

Niliondoa matawi barabarani huku nimeshika suruali kwa mkono mmoja. Mikumi nilipata kamba ya katani.

Tulifika soko la Ilala saa nne asubuhi, tumechelewa bei nzuri, matenga ya chini yakitiririka maji. Mama hakunitazama wakati wa kuhesabu. Mzee alilala saa mbili chini ya lori, akaamka, akanitia noti mkononi akanituma mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya spea, nikanunue mpira wa kikombe.

"Miwili," alisema. "Na risiti."

Ile noti ilikuwa imetoka kwenye posho yangu. Mkanda nao sikuununua hadi tripu ya tatu.